Hedhi Yangu Haiumi: Je, Nitapata Mtoto?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22. Tangu nilipovunja ungo nikiwa na miaka 13 sijawahi kuumwa na tumbo la hedhi. Siku zangu huja kila baada ya siku 28 au 29, hudumu siku nne, basi. Mwenzangu tunayelala chumba kimoja hujikunja kitandani akiwa amekumbatia chupa ya maji ya moto, hutapika na kuharisha, na muhula uliopita alikosa mtihani kwa sababu hiyo. Shangazi yangu anasema kuwa mwanamke asiyeumwa mayai yake hayapevuki, hivyo hazai. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shangazi ameshika nusu ya ukweli, nami nitairudia nusu hiyo baada ya kueleza maumivu yenyewe yanatoka wapi.

Mwezi ambao mimba haikutunga, homoni ya projesteroni hushuka na utando uliojengeka ndani ya mji wa mimba huanza kubanduka. Utando huo hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze ili kusukuma damu nje, na wakati huohuo huibana mishipa inayoupelekea msuli huo damu. Msuli unaofanya kazi huku umepungukiwa na damu huuma. Inua mkono juu ya kichwa, ukunje na kukunjua ngumi upesi kwa dakika mbili, nawe utaonja kidogo anayoyapata mwenzako. (Jina la kemikali hizo linachekesha: zilipewa katika miaka ya 1930, zilipopatikana kwenye shahawa na kudhaniwa kuwa zinatoka katika tezi dume, ambayo kwa Kiingereza huitwa prostate.)

Tofauti kati yenu, basi, kwa sehemu kubwa ni ya kiasi. Damu ya hedhi ya wanawake wanaoumwa sana, ilipopimwa, ilikutwa na prostaglandini nyingi kuliko ya wasioumwa. Zikizidi, hufika hata kwenye utumbo na kuukaza, na huko ndiko kunakotoka kutapika na kuharisha. Kwa nini zako ziwe chache? Urithi una sehemu yake, kwani maumivu haya hufuata ukoo. Vilevile wanaotokwa na damu nyingi kwa siku nyingi, na waliovunja ungo kabla ya miaka 12, huumwa zaidi, nawe si miongoni mwao. Wengine hupata nafuu kwa sababu wanatumia vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo huufanya utando uwe mwembamba.

Sasa nusu ya shangazi. Msichana aliyevunja ungo karibuni mara nyingi hutokwa na damu bila yai kupevuka, na kwa kuwa projesteroni haikupanda, hedhi hiyo kwa kawaida haiumi. Ndiyo maana wengi huanza kuumwa miezi kadhaa, au hata mwaka na zaidi, baada ya hedhi ya kwanza. Lakini hedhi isiyo na yai huja ovyo: leo wiki tatu, kesho miezi miwili. Hedhi yako, inayofuata hesabu yake kiasi hicho, ni dalili nzuri kwamba mayai yanapevuka. Ukitaka kujiridhisha, angalia takriban wiki mbili kabla ya hedhi kama unapata ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi.

Anayenitia wasiwasi ni mwenzako. Ibuprofeni huzuia prostaglandini zisitengenezwe, kwa hiyo ainywe dalili zinapoanza tu, baada ya kula, wala asingoje mpaka alale chini. Asiinywe ikiwa ana vidonda vya tumbo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Ikiwa miezi mitatu itapita bila nafuu, au anaumwa hata nje ya siku zake au anapokwenda haja kubwa, amwone daktari wa magonjwa ya wanawake, kwani huenda utando unaofanana na ule wa mji wa mimba umeota nje yake. Akiambiwa huko kwamba asubiri tu, akizaa yatakwisha, atafute daktari mwingine.