Jikoni kwa Shangazi: Takoyaki kwenye chuma cha vitumbua

Shangazi, shikamoo. Wanangu wameona kwenye simu takoyaki, zile duara za pweza za Kijapani, na sasa kila Jumamosi ni kelele. Ninacho chuma cha vitumbua alichoniachia mama. Kitafaa, au nitafute kikaango chake? Nilijaribu zikatoka nzito na kavu katikati, andazi tupu.
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Chuma chako kinafaa, tena sana. Niliishi Osaka, Japani, mume wangu alipokuwa akisoma huko, na nilipokiona kikaango cha takoyaki dukani sikuhitaji kuelezwa kazi yake. Tofauti ni ya kipimo. Vishimo vyao vina upana wa sentimita 4 hivi, vingi na vimebanana, na kina chake ni nusu duara kamili. Vyetu mara nyingi ni vipana na havizami sana, kwa hiyo zako zitakuwa kubwa na bapa kidogo. Hilo lisikusumbue.

Kilichokuangusha ni rojo. Umelikoroga kwa mkono wa kitumbua. Kwa gramu 100 za unga wa ngano weka mayai 2, mililita 400 za dashi iliyopoa (ile supu ya Kijapani, nimeieleza hapo chini), kijiko cha chai cha sosi ya soya na chumvi kidogo. Hamira usitie. Rojo hilo linamwagika kwenye upawa kama maziwa, na mkono wako utakushawishi uongeze unga. Usiusikilize. Watu wa Osaka wanataka ganda lililokaukiana nje, na ndani pawe laini, pamelegea, pa moto wa kuunguza ulimi. Unga ukizidi, ule ulaini haupo tena.

Sasa kugeuza, maana hapo ndipo penye kazi. Pasha chuma mpaka tone la rojo lichachatike likigusa. Paka mafuta kwa wingi, vishimoni na kwenye bapa lililo kati ya vishimo. Mimina rojo lifurike kabisa, vishimo vyote vifunikwe. Tumbukiza kipande cha pweza katika kila kishimo, nyunyiza majani ya kitunguu yaliyokatwa, tangawizi iliyolowekwa kwenye siki, na zile chembe za rojo zilizokaangwa zikakauka. Chembe hizi usizidharau. Wao huzipata kwenye mabaki ya tempura, yaani samaki na mboga za kuchovya kwenye rojo na kukaanga, wewe dondoshea rojo kidogo kwenye mafuta ya moto, uziopoe zikiwa za dhahabu.

Pembeni pakianza kushika, chukua kijiti cha mshikaki, kata rojo lililoganda kati ya kishimo na kishimo, lisukumie ndani, kisha geuza robo. Robo tu! Kitumbua tunakigeuza mara moja, juu kunakuwa chini. Takoyaki ukiigeuza hivyo inabaki nusu. Ukigeuza robo, rojo bichi la ndani linamwagika chini na kujenga upande uliokosekana. Subiri kidogo, geuza tena, halafu endelea kuzungusha mpaka pande zote ziwe za kahawia. Kama chuma chako hakina ukingo, rojo haliwezi kufurika. Jaza mpaka mdomoni, na baada ya robo ya kwanza ongeza rojo kidogo kwenye pengo.

Kwenye mkaa, vishimo vya katikati huwahi kuungua. Zungusha chuma chenyewe mara kwa mara, na za katikati zibadilishane nafasi na za pembeni. Zikiiva, ziache zipoe kidogo kabla ya kuwapa watoto.

Halafu, mwanangu, usizipike peke yako jikoni ukawapelekea kwenye sahani. Osaka nyumba nyingi zina kikaango cha umeme cha takoyaki. Mwisho wa wiki kinawekwa katikati ya meza, watu wanakizunguka, kila mmoja na kijiti chake, wanageuza na kula hapohapo. Mkusanyiko huo wanauita takopa. Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa akitualika, na kazi ya kugeuza walikabidhiwa watoto. Wape wanao vijiti, nawe ukae karibu na jiko.

Shangazi, dashi nimeiona supamaketi: kipaketi kidogo, bei ya kuku mzima. Nikitumia kidonge cha supu si ni yaleyale?
*Msomaji, Mbagala*

Si yaleyale, na hicho kipaketi usikinunue. Nenda kwa muuza dagaa.

Dashi inayosifiwa zaidi hupikwa kwa kombu, mwani mpana wa bahari ya baridi, pamoja na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa nyembamba. Lakini iko dashi nyingine, ya nyumbani hasa, inayopikwa kwa niboshi, yaani visamaki vya jamii ya dagaa vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Dagaa wanaochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani kule Unguja wanapitia njia hiyohiyo! Mimi huwatumia hao kila mara, na ninawapenda kuliko unga wa kwenye kipaketi.

Chukua gramu 15 za dagaa wa baharini kwa nusu lita ya maji. Toa vichwa na matumbo, maana uchungu unakaa humo. Waloweke nusu saa, au usiku kucha kama umewahi. Bandika kwenye moto mdogo, maji yakianza kuchemka acha dakika chache, engua povu, chuja bila kukamua. Dagaa wa ziwani nao wanafaa mradi uwaoshe vizuri, mchanga ukibaki utausikia menoni.

Mwani wa Paje usiuweke ukidhani ni kombu. Ni wa aina nyingine kabisa.

Kidonge cha supu kitakupa chumvi na harufu ya kuku, na pweza atapotea humo.

Assalaam alaykum, Bi. Nasikia vyakula vya Kijapani vina pombe ndani. Hizi takoyaki ni halali?
*Msomaji, Mombasa*

Waalaykum salaam. Rojo nililolieleza halihitaji pombe. Angalia vitu vya chupa: mirin, ile divai tamu ya mchele ya kupikia, ina kileo, na huingizwa kwenye baadhi ya sosi na dashi za dukani. Hata sosi ya soya iliyochachushwa hubaki na kileo kidogo, kwa hiyo tafuta chupa yenye nembo ya halali. Sosi ya juu itengeneze mwenyewe: vijiko vitatu vya tomato sosi, kimoja cha soya, kimoja cha ukwaju mzito, sukari kidogo, uchemshe mpaka inate. Osaka huongeza mayonezi, unga wa mwani wa kijani na katsuobushi. Mimi juu hunyunyizia dagaa niliowakaanga bila mafuta na kuwatwanga.

Shangazi, Dodoma pweza ni wa friji tu, na kila nikimpika anakuwa mpira. Nifanyeje? Na nikimkosa kabisa?
*Fundi cherehani, Dodoma*

Wa friji ndiye mzuri, barafu inalegeza nyama yake. Pweza wengi ambao Japani huagiza kutoka nje hufika wakiwa wamegandishwa, wengi kutoka Mauritania na Morocco. Mpike Ijumaa usiku. Toa matumbo na mdomo, msugue kwa chumvi mpaka utelezi uishe, msuuze. Mchemshe bila chumvi kwa moto mdogo. Wa kilo moja huchukua kama dakika 45. Uma ukiingia bila kubishana kwenye shina la mkono, zima, umwache apoe ndani ya maji yake. Papai bichi silipendi, linamfanya abomoke. Vipande visizidi sentimita 2.

Ukimkosa, tumia ng'ombe kwa amani. Takoyaki ilianza Osaka mwaka 1935 katika duka la Aizuya la Endo Tomekichi, na kabla ya hapo alichokuwa akikiweka ndani ni kano za ng'ombe zilizopikwa zikalainika. Wazo la kuweka pweza lilitoka mji wa Akashi, ambako duara zao zina mayai mengi na huchovywa kwenye supu. Basi chemsha makongoro mpaka yaachie mfupa, yapoze, kata vipande vidogo, na uvikolezee soya na sukari kidogo sufuriani kabla ya kuvitumbukiza. Mafuta ya kupaka kwenye chuma yapunguze, makongoro yana yake.