Bibi yako hajawahi kuniita jina langu

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Jumapili uliniuliza kwenye simu: "Baba, nikisoma shahada ya pili ya isimu, upande wa lugha na jinsia, kuna maisha huko? Baba mdogo anasema ni mambo ya Wazungu." Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Nimeona bora nikuandikie.

Baba yako mdogo amesahau alikolelewa. Jina la babu yetu lina sauti ya ifula ndani yake, yaani mvua. Kwa desturi yetu Wanyakyusa mkamwana humwepuka baba mkwe. Akimwona njiani anachepuka. Jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana nalo. Sasa fikiria, Rungwe hii ambako inanyesha karibu mwaka mzima, na mama hawezi kuitaja mvua! Alikuwa akituambia, "Ya juu imekuja, anueni nguo." Mimi nilirithishwa jina la babu, kwa hiyo mama ananiita tata, baba, tangu nizaliwe. Utotoni iliniuma. Wenzangu waliitwa na mama zao kwa majina, mimi sikuwahi kulisikia langu kinywani mwake.

Baba mkwe halipi deni la namna hiyo. Yeye neno gani la Kinyakyusa alilikosa kwa sababu ya mkamwana wake? Swali hilo nimelibeba miaka mingi bila kujua kwamba kuna watu wanalisomea. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, alifanya utafiti kwetu kati ya 1935 na 1938 pamoja na mumewe Godfrey, na mwiko huu aliuandika.

Huko Marekani, mwanaisimu Robin Lakoff alianza na sarufi ya Kilatini. Mwaka 1973 akachapisha makala kuhusu usemi wa wanawake, na 1975 ikawa kitabu. Alisema wanawake hufundishwa tangu utotoni kuongea kwa kusitasita, kwa "labda" na "au siyo?", kisha hudharauliwa kwa usemi uleule waliofundishwa. Alifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa miaka 40. Wengi walimpinga, hasa kwa kuwa alitegemea zaidi kujisikiliza mwenyewe na watu wake wa karibu. Mimi naona alifanya kazi kubwa: aliwapa wenzake kitu cha kupima. Waliochunguza mashahidi mahakamani waligundua kwamba kusitasita huko kunafuata zaidi unyonge wa mtu kuliko jinsia yake. Na mtafiti mwingine, Elinor Ochs, alikuta kijiji cha Madagascar ambako wanaume ndio wanaozungukazunguka kwa maneno, wanawake wanasema waziwazi, na ndio wanaotumwa sokoni kubishana bei. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka mama zetu wa ndizi pale sokoni.

Kuhusu ajira sitakudanganya, nafasi za vyuoni ni chache na utasubiri. Kuna kufundisha, tafsiri, uhariri na kazi za kamusi. Mimi na mama yako tutachangia ada kadiri chai itakavyotulipa.

Ila nina ombi moja. Usije kwa bibi yako ukiwa umeshaamua kwamba alionewa. Juzi nilimuuliza, akaniambia wakamwana walikuwa na maneno yao wenyewe, wakifundishana wakiwa mtoni, na aliyebuni neno zuri alisifiwa. Alilisema hilo kwa fahari kabisa. Na alipolisema, macho yalimlenga machozi. Yote mawili yaandike.

Njoo Desemba na kinasa sauti kizuri. Babu alizikwa zamani, mimi mwenyewe nina mvi, lakini sasa hivi wingu limeshuka kutoka mlimani na nimemsikia bibi yako huko jikoni akimwambia mdogo wako aingize kuni, ya juu imekuja.

Ni mimi baba yako