Mmetengana, Hamjaachana

Juzi msomaji mmoja wa Igoma kaniandikia: "Dada, niliachana na mume wangu miaka minne iliyopita, sasa mchumba anataka kuleta mahari. Kuna tatizo?" Nikamuuliza kama ana talaka ya mahakama. Hana. Mume alihamia Sengerema, basi.

Mdogo wangu, hujaachana na mtu. Mmetengana, na wewe bado ni mke wa mtu.

Naandika kwa uchungu kwa sababu maneno haya yalitaka kunimaliza. Nilipotoka Nyegezi kwa mume wangu nikarudi kwa mama Kirumba, mtaa mzima ulisema nimeachika. Nikashika biashara ya dagaa pale Mwaloni, nikasimama. Mwenzangu alipotafuta mteja wa nyumba tuliyoijenga wote, wakwe walinijibu getini: "Ulishaachika, hapa huna chako." Nani aliniacha? Hakimu yupi? Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile nakosa usingizi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haina utata hapo. Mahakama ikiamuru mtengane, mnaondolewa wajibu wa kukaa pamoja, lakini ndoa ipo. Talaka ndiyo inayoivunja. Hata mkitengana miaka mitatu, muda huo ni ushahidi tu wa kupeleka mahakamani kwamba ndoa imeshindikana, hauivunji wenyewe.

Mimi nilianzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwenye kata. Liliposhindwa kutupatanisha likanipa hati, nikaenda nayo Mahakama ya Mwanzo. Huko mwenzangu akadai nyumba ni jasho lake, mimi nilikuwa "nyumbani tu". Nyumbani tu, na watoto nalea, na mafundi nawapikia! Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishaamua, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nilipata sehemu yangu, na leo naisema kifua mbele.

Wanawake wenzangu, tuache kuitika kila jina tunalopewa na mtaa. Ukiambiwa umeachika, uliza karatasi iko wapi. Ukisema mwenyewe umeachana naye, jiulize hivyohivyo.

Na wewe wa Igoma, mwambie mchumba asubiri. Jumatatu chukua cheti chako cha ndoa, nenda ofisi ya kata uulizie baraza, mwenzako aitwe. Usipokee hata ng'ombe mmoja kabla mahakama haijatoa talaka.