Maswali ya Wasomaji: Naenda Marekani kila mara na ikonomi, maili zangu niziweke wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi niko Kisasa hapa Dodoma, nafanya kazi na shirika ambalo makao makuu yake yako Washington, kwa hiyo kwa mwaka naenda huko mara tatu mpaka nne, siku zote ikonomi, na tiketi ananunua mtu wa manunuzi pale ofisini ambaye yeye anaangalia bei tu. Mara Ethiopian, mara Qatar, mara Turkish, kuna kipindi wakanipitisha Amsterdam na KLM. Nimejiunga na programu za maili za wote hao, zile pointi ndege inakupa ukisafiri nayo, sasa kila akaunti ina vimaili vyake kidogo na hakuna hata moja inayonisaidia kitu. Rafiki zangu walioko Marekani wanasema wanaruka bure kwa maili, mi mbona sioni faida yoyote? Nishike ipi niache zipi? (Msomaji, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Kaka, hili swali nalipata sana na nimefurahi umeliuliza na maelezo yote, maana bila kujua nani ananunua tiketi yako ningekujibu hewa.

Tuanze na hao rafiki zako ili roho itulie. Maili zao nyingi zinatoka benki. Kule mtu anachukua kadi ya mkopo yenye jina la ndege, anapewa maelfu ya maili kwa kujiunga tu, halafu anaswaipu mafuta, mboga, bili za nyumba, kila kitu kinaingiza maili. Ndo maana ushauri mwingi wa mtandaoni ukiusoma ukiwa Dodoma haukufai, wewe maili zako zinatoka kwenye siti uliyokaa, basi.

Sasa kwa mtu wa hivyo cha kwanza ni muungano, ndege inafuata baadaye. Ndege kubwa nyingi ziko kwenye miungano mitatu: Star Alliance iliyoanza 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000, na ukiwa na namba ya uanachama ya ndege moja unaweza kuingiza humo maili za ndege nyingine za muungano huohuo. Ethiopian na Turkish wote wako Star Alliance, wako na United na Lufthansa. Qatar yuko oneworld na American na British Airways. KLM yuko SkyTeam, na Air France, Delta na majirani zetu Kenya Airways. Emirates hayumo kwenye muungano wowote, ana programu yake Skywards. Kwa hiyo wewe ukipanda Ethiopian unampa namba ya ShebaMiles, safari inayofuata ukipanda Turkish unampa ya Miles&Smiles, unagawa mara mbili kitu ambacho kingekaa akaunti moja na kikakua.

La pili, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wanapotea, tiketi ya bure isiwe lengo lako. Chukua mfano wa Flying Blue, programu ya maili ya KLM na Air France. Tangu 2018 wanatoa maili kwa pesa uliyolipa, mwanachama wa ngazi ya chini anapata maili 4 kwa kila euro, kodi za viwanja hazihesabiwi. Tiketi yenye nauli ya euro 1,000 inakupa maili 4,000. Halafu tiketi ya maili ya kuvuka Atlantiki tu, yaani Ulaya kwenda Marekani, kwenda bila kurudi, ikonomi, inaanzia maili 25,000 pale bei ikiwa imeshuka kabisa, na bado unalipa kodi na chaji za ndege kwa hela taslimu. Piga hesabu mwenyewe, ni safari saba ili upate nusu ya safari, na ukipenda siku zenye watu wengi bei inapanda juu zaidi. Delta na United nao waligeukia hesabu ya pesa mwaka 2015, American akafuata 2016, kwa hiyo mtu wa tiketi ya bei chee amebanwa karibu kila kona.

Kinachokufaa wewe ni hadhi, zile ngazi za Silver na Gold. Ukiwa Gold unaingia launji hata kama tiketi yako ni ikonomi ya chini kabisa, unapata begi la ziada, foleni yako ni ya peke yake, na ndege ikichelewa ukakosa koneksheni wewe unawekwa mbele kwenye listi ya kutafutiwa siti. Kwa mtu anayekaa masaa mengi transiti usiku, na anayerudi na mizigo ya ofisi na ya ndugu, hivyo vitu ni hela kabisa, na unavipata kila safari bila kusubiri miaka.

Sasa hadhi inapatikanaje kwa ikonomi? Flying Blue wana pointi zinazoitwa XP na uzuri wake ni kwamba zinaangalia umbali na daraja, haziangalii ulilipa shilingi ngapi. Dar kwenda Amsterdam ikonomi ni XP 10, Amsterdam kwenda Washington 10 nyingine, kwenda na kurudi ni 40. Silver inataka 100. Safari tatu unakuwa na 120, unapanda Silver na zile 20 za juu zinabaki kwako, halafu unaanza mwaka mpya wa kutafuta 180 za Gold, safari nne zinakupa 160, ukijumlisha na zile 20 umefika kamili bila hata pointi ya ziada. Mtu wa safari tatu mpaka nne kwa mwaka kama wewe anaweza kabisa, ila lazima zote ziwe KLM au wenzake, ikipita moja kwa ndege ya muungano mwingine hesabu inakatika.

Na hapo ndo tatizo lako lilipo, kwa sababu hauchagui wewe, anachagua mtu wa manunuzi. Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningeenda Star Alliance. Kati ya ndege zinazochukua watu Dar kwenda Washington mbili ziko humo, Ethiopian kwa Addis Ababa na Turkish kwa Istanbul, basi hata bei ikimvuta upande huu au ule una nafasi kubwa safari iingie akaunti ileile. Qatar nampenda kwa huduma ila oneworld kwa upande wetu huku ndo yeye peke yake kwa safari zako, na KLM kama tulivyoona inataka uaminifu ambao wewe huna mamlaka nao. Ongea na mtu wa manunuzi umwombe kitu kimoja tu, bei zikikaribiana akupe ya Star, wengi hawakatai ukiwaambia mapema kabla hawajabuku.

Kati ya ShebaMiles na Miles&Smiles uchague ipi, hapo angalia herufi. Fungua tiketi yako ile ya PDF, kwenye kila safari pale penye daraja utaona herufi moja, labda Y, M, K, Q, T, L. Wote mmekaa ikonomi, siti zilezile, chakula kilekile, lakini hiyo herufi ndo inasema umenunua bei ipi na ndo inayoamua maili. Herufi za juu zinalipa asilimia 100 ya umbali, za katikati 50 au 70, za chini 25, na nyingine hazilipi kitu. Dar, Istanbul, Washington na kurudi ni kama maili 17,000 za umbali. Ngazi ya Elite ya Turkish, ambayo ndo inakupa Gold ya Star Alliance, inatafutwa kwa maili 40,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo kwa herufi ya asilimia 100 safari tatu unavuka, kwa asilimia 50 hata safari nne hazikufikishi, kwa 25 sahau. Chukua tiketi zako za nyuma, andika herufi zake, halafu ingia kwenye jedwali la ShebaMiles na la Miles&Smiles uone kila programu inalipa nini kwa herufi hizohizo, upande wa Ethiopian na upande wa Turkish. Ni kazi ya jioni moja na hakuna wakala atakayekufanyia. United nao wako Star na wengi wanajiunga nao wakidhani ndo njia ya Gold, lakini kule hupewi hadhi mpaka uwe umeruka angalau vipande vinne na United wenyewe, na safari zako za Addis mpaka Washington hazina United hata kipande kimoja.

Mambo madogo yanayoua maili za Watanzania. Jina. Pasipoti ina majina matatu, tiketi ofisini wanaandika mawili, akaunti ulijaza kwa jina unaloitwa mtaani, mfumo unakataa kimyakimya wala hautumiwi ujumbe. Akaunti iwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na tiketi vilevile. Ukipewa bodingi pasi pale kaunta iangalie kabla hujaondoka, namba yako ya uanachama inatakiwa iwe imechapwa pale pamoja na herufi mbili za ndege uliyochagua, TK ya Turkish au ET ya Ethiopian, ukiona iliyotoka ni ya akaunti ya zamani mwambie abadilishe hapohapo. Bodingi pasi usitupe mpaka maili zionekane, programu nyingi zinakuruhusu kudai safari iliyopita ila kwa miezi michache tu.

Na kipande cha Dodoma kwenda Dar, Air Tanzania haiko kwenye muungano wowote kwa hiyo usikihesabu, panda SGR kama ratiba inakubali, ila uwe na masaa ya kutosha katikati kwa sababu ukichelewa ndege ya nje haijui habari za treni, tiketi ni mbili tofauti.

SWALI: Mwanangu anasoma Toronto, anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka na Ethiopian. Kuna haja ya kujisumbua? (Mama, Singida)

JIBU: Ipo mama, ila hadhi usiifikirie, yeye anachohitaji ni akaunti ambayo maili hazifi. Programu nyingi zinafuta ukikaa muda bila kuruka au ikifika miaka fulani, Skywards kwa mfano ni miaka mitatu. MileagePlus ya United waliondoa kuisha muda tangu 2019, na kwa kuwa Ethiopian yuko Star Alliance anaweza kutoa namba ya United akipanda Ethiopian, zikae pale mpaka amalize chuo. Aangalie ile herufi tu.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma hapa Mtumba, nasafiri kikazi. Maili ni zangu au za serikali? Naogopa kuja kuulizwa. (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Kwa kanuni za programu zenyewe akaunti ni ya mtu aliyekaa kwenye siti, taasisi haiwezi kufungua akaunti ya mtu binafsi ili iingiziwe maili za safari yako. Lakini kanuni ya ndege haiondoi kanuni ya mwajiri, na hofu yako ina msingi, Marekani kwenyewe maili za wafanyakazi wa serikali kuu zilikuwa mali ya serikali mpaka sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2001 wakaruhusiwa kubaki nazo. Ushauri wangu, muulize afisa utumishi wako kwa maandishi na utunze jibu. Na wakati unasubiri jibu, jambo moja usilifanye kabisa, usiombe njia ndefu au tiketi ya bei kubwa ili upate maili zaidi, hapo hata kama maili ni zako, ile tofauti ya nauli ni hela ya umma na ndiyo utakayoulizwa.