Usifunge tairi za matope kwenda Wahiba

Mkuu, kama hujalipa advansi, usilipe. Umeuliza tairi gani za matope ufunge kwenye Prado uingie nazo jangwa la Wahiba hapa Oman, rimu inchi ngapi, na bei za Muscat zikoje. Za matope usinunue kabisa.

Kashata zile nene za tairi hizo kazi yake ni kuchimba tope mpaka zikute ardhi ngumu. Mchanga wa Wahiba hauna ardhi ngumu ya karibu, kwa hiyo tairi ikizunguka inajichimbia kaburi na gari linalalia tumbo.

Mimi niliuziwa seti nzima, na muuzaji akaniapia kwamba tairi zile hazihitaji kupunguzwa upepo, psi 35 (kipimo cha upepo) za lami zinatosha. Tukaingilia Bidiyah, mji ulio mlangoni mwa jangwa. Tuta la kwanza tu, gari chini mpaka difu. Kila nikikanyaga mafuta linazidi kuzama, giaboksi ya otomatiki ikachemka hadi harufu ikajaa ndani. Mabedui waliokuja kutunasua hawakufunga hata kamba: walitoa upepo tairi zote nne hadi psi 15, wakafukua mchanga mbele ya magurudumu kwa mikono, gari likatoka lenyewe kwa gia nzito. Bili ya giaboksi ilizidi bei ya zile tairi. Nilipomrudia yule bwana akaniambia eti sijui kuendesha! Mtu ambaye sidhani kama amewahi kukanyaga mchanga zaidi ya ule wa ufukwe wa Qurum.

Shusha upepo, mkuu. Kwa psi 15 hadi 18 tairi inalala na kurefuka, uzito unasambaa, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Ukinasa, shuka hadi 12. Chini ya 10 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ndiyo maana rimu ya 17 ni bora kuliko ya 20, ubavu wa tairi unapata nafasi ya kulala. Tairi ya kawaida ya A/T (all-terrain, ya njia zote) inatosha kabisa.

Vibanda vya tairi pale Bidiyah hupunguza upepo na kuujaza ukitoka, lakini nunua kompresa na geji yako. Usirudi lamini na psi 15 ukakimbia, tairi itachemka ipasuke. Na geji inunue leo, kabla ya tairi.