Tunasafisha ufukwe kila mwezi, mbona taka zinarudi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi na ufukwe, huku Mkinga, Tanga. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunasafisha ufukwe, mwezi ukigeuka taka zimejaa vilevile, na nyingine zina maandishi ya nje. Sasa kuna jamaa kaja na andiko lake, anataka tumchangie atuandikie mpango wa pamoja na wenzetu wa Pangani na wa upande wa Kenya, na anasema atatuletea mifuko inayooza yenyewe. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba katibu. Huyo jamaa msimpe hata mia, nitamrudia baadaye. Kwanza niseme hili linalonikera kila ninapoitwa kwenye vikao vya taka za baharini: watu wanaamini usafi ndio mpango na kilo ndio matokeo. Magunia yanapangwa, diwani anapiga picha, inatangazwa tumetoa kilo kadhaa, basi imeisha hiyo. Kilo za nini? Kipande kimoja cha wavu kilicholowa na kujaa mchanga kinazidi uzito wa vizibo mia kadhaa, sasa mkivichanganya kwenye gunia moja mkapima mizani, habari yote mliyotakiwa kuipata mshaitupa dampo pamoja na taka.

Chukueni mita 100 za ufukwe, zilezile kila mara. Siku ya kwanza safisheni kabisa na msihesabu kitu, maana hapo kuna taka za miaka. Kuanzia kesho yake nendeni saa ileile kila siku, wiki nzima hivi, mhesabu kimoja kimoja kwa aina: chupa, vizibo, kandambili, kamba, nyavu, vifungashio, maboya ya foamu. Andikeni upepo, andikeni kama ni bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo). Mkifanya wakati wa kusi, upepo wa kusini, rudieni kaskazi, upepo wa kaskazini, na wenzenu wa Pangani watumie karatasi hiyohiyo, kwa sababu wao wakipima kilo na nyie mkihesabu vipande mtakaa mezani mbishane tu.

Hapo sasa mpango unaanza kujiandika wenyewe, kwa sababu kila aina ya taka ina mwenyewe. Chupa na vizibo vingi baada ya mvua, hiyo ni mitaro na mito, kwa hiyo mezani awepo mtu wa halmashauri na mtu anayesimamia bonde la mto, maana mto Pangani unakusanya maji kuanzia Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe ndio unafika baharini, na hakuna BMU inayoweza kuwafuata watu wa Moshi kwa ufagio. Nyavu na kamba ni zenu wenyewe wavuvi, samahani lakini ndio hivyo, na wavu uliopotea chini unaendelea kuvua na kuua bila faida ya mtu.

Kuhusu hayo maandishi ya nje, msikimbilie kusema taka zinatoka ng'ambo. Angalieni chupa: kama lebo bado inang'aa na haina kiumbe chochote kilichoganda, haijaogelea miezi, yaelekea imetupwa jirani, pengine kutoka melini. Na meli hairuhusiwi kutupa plastiki ya aina yoyote baharini, Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kinakataza tangu mwisho wa 1988, kwa hiyo hilo mnalipeleka bandarini na kwa wanaosimamia meli, tena mkiwa na hesabu mkononi. Za mbali kweli zipo sikatai, kule Aldabra, Shelisheli, mwaka 2019 zilitolewa tani 25 kwenye kisiwa ambacho hakina kijiji, nyingi zikiwa zana za uvuvi na kandambili. Lakini kumbukeni na nyie ni ng'ambo ya mtu. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini, na wakati wa kusi unazidi nguvu, hivyo cha Pangani kinakuja kwenu na chenu kinaenda Vanga na Shimoni, upande wa Kenya. Mto Umba ndio kabisa, unaanzia Usambara kwetu unamwaga maji yake Kenya. Mkienda kwa Wakenya kulalamika bila kujua hilo mtaaibika.

Na wala si jambo geni Tanga. Ule mradi wa pwani ulioanza 1994 ulipanga uvuvi kwa kufuata miamba badala ya mipaka ya vijiji, ndio tukapata maeneo ya usimamizi wa pamoja kama Mtang'ata, Boma-Mahandakini na kadhalika, vijiji kadhaa mpango mmoja. Kwa juu upo Mkataba wa Nairobi wa 1985 wa kulinda bahari na pwani, Tanzania na Kenya wote wamo. Nyie hamhitaji kusaini mkataba mwingine, BMU zipo na Kenya pia, pitieni halmashauri yenu mkae nao na karatasi za hesabu.

Sasa huyo jamaa. Anayekuja na dawa kabla hajajua ugonjwa anauza dawa, basi. Mifuko "inayooza yenyewe" mingi ni plastiki ileile imetiwa kemikali ya kuifanya ivunjike vipande vidogo, yani mnachokiona leo mkakiokota, kesho hamtaweza kukiokota na samaki atakimeza. Ulaya wamepiga marufuku plastiki ya namna hiyo tangu 2021. Na sisi mifuko ya kubebea ilikatazwa 1 Juni 2019, wajanja wakageuza vile vifungashio laini kuwa mifuko, mnaviona sokoni kila siku, kwa hiyo mtu akikutajia jina jipya la mfuko muulize unaisha kuwa nini, kwa muda gani, na ndani ya maji ya chumvi au kwenye mtambo wa kuozesha kwa joto. Wapo na wa kuchoma taka ufukweni "kupunguza ujazo", moshi wa plastiki ni sumu na linalobaki ni donge linalorudi majini, na wapo wa kuandika mpango wa kurasa mia ambao mwenyekiti wa kijiji hajawahi kuushika. Hao nao msiwalipe.

Hiyo pesa ya mchango nunueni glavu, daftari kubwa na kamba ya mita 100, inayobaki iwe nauli ya watu wawili kwenda Vanga. Ila daftari lianze kabla ya masika kwisha, mvua ndio itawaonyesha cha mtoni ni kipi.