Barua kwa mwanangu aliye Detroit: mwenye kiwanda cha viatu na viazi vya maskini

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Muheza hatujambo. Mama yako anauliza kama lile koti zito linatosha kwa baridi ya huko, kwa hiyo ukijibu usisahau kumtoa wasiwasi.

Picha ya sanamu uliyotuma nimeikuza kwenye simu mpaka nikasoma maandishi ya chini. Umeniuliza hivi: "Baba, huyu bwana aliyekaa kitini pale kwenye bustani ya Grand Circus Park alikuwa na kiwanda chake, halafu wamemwandikia kipenzi cha watu. Tajiri anaweza kweli kuwa upande wa maskini, au alinunua kura tu kama wengine?" Nimefurahi umeuliza, maana huyo Hazen Pingree, aliyekuwa meya wa Detroit, nimemsoma tangu nilipokuwa nafundisha kidato cha sita mapinduzi ya viwanda ya Marekani, na hakuna meya wa karne ya 19 ninayemheshimu kuliko yeye.

Jibu langu ni kwamba alikuwa upande wao kweli. Ila hakuanza hivyo. Mwaka 1889 alipogombea umeya kwa mara ya kwanza, waliomtuma walikuwa matajiri wenzake wa chama cha Republican. Walichoka na uongozi mbovu wa jiji, wakamtafuta mwenzao mwenye jina safi, anayejua hesabu, atakayepunguza matumizi na kodi. Wakamwona Pingree anafaa. Alikuwa hajawahi kushika cheo chochote cha siasa, na wao walidhani wamepata mtu wao.

Wangemchunguza vizuri wangesita. Alizaliwa mwaka 1840 Denmark, mji mdogo wa jimbo la Maine, mtoto wa mkulima. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari kibarua kwenye kiwanda cha pamba, baadaye akawa mkataji wa ngozi kwenye kiwanda cha viatu huko Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto alijiunga na jeshi la Kaskazini mwaka 1862. Mwaka 1864 akatekwa na kupitishwa magereza kadhaa ya Kusini, likiwemo Andersonville. Ulipokuwa mdogo nilikusimulia habari za Andersonville: kati ya wafungwa kama 45,000 waliopita pale, karibu 13,000 walikufa, kwa njaa, kuhara na kiseyeye. Aliyetoka hai mahali kama pale haambiwi njaa ni nini.

Vita vilipokwisha alikwenda Detroit, akaajiriwa tena kukata ngozi, na mwaka 1866 yeye na mwenzake Charles Smith wakanunua mashine za viatu na kuanzisha kiwanda chao kwa wafanyakazi wachache sana. Miaka ishirini baadaye walikuwa na wafanyakazi mamia na viatu vyao vinauzwa mbali. Utajiri wake ulianzia mikononi mwake mwenyewe, na watu wa Detroit walilijua hilo.

Alipoingia ofisini mwaka 1890 jiji lilikuwa na watu kama 206,000, wakiwemo wahamiaji wengi kutoka Ujerumani, Poland na Ireland. Barabara zilikuwa za vipande vya mbao za mierezi vilivyooza na kudidimia. Kazi ile walipewa wakandarasi waliolipwa vizuri na kutengeneza vibaya. Akaanza na hilo, na matajiri wakampigia makofi. Lakini kila alipofuatilia hongo alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Aliyepokea alikuwa diwani mdogo wa mtaani, ambaye magazeti yalizoea kumtukana. Aliyetoa alikuwa mtu wa heshima, mwenye hisa katika kampuni ya tramu (magari ya abiria yapitayo kwenye reli za mitaani), ya gesi au ya umeme, anayeketi naye kwenye meza moja ya chakula. Wezi aliotumwa awakamate walikuwa wamelipwa na watu wa tabaka lililomtuma. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipogeuka.

Mwaka 1891 wafanyakazi wa tramu waligoma. Wananchi wakawaunga mkono, wakang'oa reli, wakazuia magari yasipite. Matajiri wakamtaka meya aombe askari wa jimbo waje kuvunja mgomo. Akakataa. Akasema pande zote mbili zikae zisuluhishwe. Kwa mwenye kiwanda, tena mwaka ule, kufanya hivyo kulikuwa kama kuwakana wenzake hadharani.

Halafu likaja lile la bodi ya shule, mwaka 1894. Pingree alikuwa amepata ushahidi kwamba baadhi ya wajumbe wanadai hongo kwa watu wanaouzia shule vifaa. Akaingia kwenye kikao chao na polisi. Akawaambia wana nafasi ya kujiuzulu palepale, wale wanaojijua. Wakanyamaza, kila mmoja akimtazama mwenzake. Basi akataja majina, na wanne wakakamatwa wakiwa kikaoni. Kila nikilisoma nalirudia, kwa sababu hakuunda kamati ya kuchunguza kamati nyingine. Alikwenda mwenyewe.

Sasa nikupeleke kwenye viazi, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Mwaka 1893 uchumi wa Marekani uliporomoka. Benki zikafunga, viwanda vikazima moto, na Detroit maelfu ya watu wakakosa kazi, hasa Wapolandi na Wajerumani waliokuwa na familia kubwa na akiba ndogo. Mfuko wa jiji wa kusaidia maskini ukaanza kukauka. Matajiri wakasema misaada inawafanya watu wavivu. Pingree aliwajua watu wale, wengi wao walikuwa wana wa wakulima kama yeye, akajua hawakosi nguvu, wanakosa ardhi. Na ardhi ilikuwepo. Pembezoni mwa jiji kulikuwa na ekari nyingi zilizokaa na magugu, wenyewe wakingoja bei ipande wauze. Majira ya joto ya mwaka 1894 akawaomba wenye viwanja wawaachie maskini walime kwa muda, akaunda kamati chini ya ofisa wa jeshi, Kapteni Cornelius Gardener, ya kupima vishamba, kulima udongo na kugawa mbegu.

Fedha za kuanzia hazikuwepo. Akaomba makanisa yachangishe. Jiji lote lile lenye makanisa yake makubwa ya mawe, waumini walichanga dola 13 na senti 80. Nikiwa mkristo nasoma namba hiyo kwa uchungu. Pingree akampeleka mnadani farasi wake aliyempenda sana, akatia fedha ile kwenye mpango, na wengine wakaona haya wakaanza kutoa. Magazeti yalimchora kila siku na viazi, yakimcheka kwamba meya amekuwa mfalme wa viazi.

Walioomba walikuwa wengi kuliko uwezo wa mfuko. Mwaka huo wa kwanza familia 945 zilipata vishamba, kila moja kati ya robo na nusu ekari, jumla ekari 430. Walipanda wamechelewa, mwezi Juni tayari umeingia, katika udongo uliokuwa haujaguswa kwa miaka. Viazi mviringo vingi, maharage na mboga nyingine. Kamati ilitumia kama dola 3,600, na mavuno yalikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 12,000. Mwanangu, hesabu hiyo ifikirie kwa jicho la mama mwenye watoto sita na majira ya baridi yanakuja: ni magunia ya viazi yaliyopangwa ndani ya nyumba, ya kwake, aliyoyalima yeye, hakuna aliyempangisha foleni ya kuomba. Mwaka uliofuata miji mingine mikubwa, New York, Boston na Buffalo ikiwemo, ikaanza kuiga. Magazeti yaliyomcheka yakatafuta maneno mengine.

Unauliza kama alinunua kura. Anayenunua kura hutoa kidogo apate kingi. Huyu tazama alichopata kutoka kwa wenzake: aliondolewa kwenye ukurugenzi wa benki, akapoteza benchi la familia yake kanisani, na marafiki wa zamani wakaacha kumsalimia. Benki za mjini zilipoanza kuibania biashara yake, ilibidi akatafute mikopo mbali. Magazeti yalipokataa kuchapa maelezo yake, alikuwa anayaandika na kuyabandika ukumbini mwa ofisi za jiji, watu wanakuja kusoma wenyewe. Wapiga kura walimrudisha mara tatu, jumla vipindi vinne.

Mengine nitayapitia haraka. Jiji likajenga mtambo wake lenyewe wa umeme wa taa za barabarani, ukaanza kazi mwaka 1895. Mwaka huohuo akaleta kampuni mpya ya tramu ishindane na ile ya zamani kwa nauli ya senti tatu badala ya tano. Aliyekuwa akiendesha kampuni ile ya zamani, Tom Johnson, alipigana na Pingree kufa na kupona, kisha miaka michache baadaye akawa meya wa Cleveland na kuipigania nauli ileile ya senti tatu. Kwangu mimi hakuna sifa kubwa ya Pingree kuliko hiyo ya kumgeuza adui.

Sitaki umchukue kama malaika. Alikuwa mkaidi. Aliposhinda ugavana wa Michigan mwaka 1896 alitaka kubaki meya hapohapo, mpaka Mahakama Kuu ya jimbo ikamwambia mwaka 1897 achague kimoja, akauacha umeya. Na mwishoni mwa ugavana wake maofisa aliowateua yeye walikutwa wamechezea mali ya jeshi la jimbo, wakiiuza kama chakavu na kuinunua tena kwa bei ya mpya. Pingree akawasamehe. Mimi hilo silitetei. Mtu aliyewakamata wajumbe wa bodi ya shule kikaoni alipaswa kuwaacha watu wake waende jela, na utiifu kwa marafiki hautoshi kuwa sababu. Katika kipindi hichohicho alipambana na makampuni ya reli yalipe kodi kulingana na thamani ya mali zao kama mkulima anavyolipa, na mwaka 1900 wananchi wakapitisha mabadiliko ya katiba ya jimbo yaliyofungua njia ya kuyatoza hivyo. Akafariki London, Juni 1901, na sanamu uliyoipiga picha ikajengwa kwa michango ya maelfu ya watu, ikazinduliwa mwaka 1904.

Nina ombi moja. Maktaba ya umma ya Detroit iko barabara ya Woodward, hiyohiyo inayopita kwenye sanamu, na ndani yake kuna hifadhi ya Burton inayotunza barua na makaratasi ya Pingree. Siku huna zamu hospitalini, nenda uwaombe makaratasi ya mwaka 1894 ya vile vishamba. Tafuta barua za waliolima wenyewe, wale Wapolandi na Wajerumani, na ukipata hata moja ipige picha unitumie. Kama imeandikwa kwa Kipolandi usijali, padri wetu hapa anatoka huko, atanisomea.

Wadogo zako wanakusalimu. Mungu akulinde.

Baba yako